Mpiga Zumari wa Mwanahawa

Nichekeni tu, maana mie nimeshajicheka mpaka mbavu zinauma. Ndiye mie mwalimu wa kuchora hapa Mtoni, niliyekuwa nikiwakemea watoto Ramadhani yote wasije wakala mchana kwa siri.

Darasani ninaye Mwanahawa, binti wa mwadhini. Alikuwa akichora kisha anafuta kibao kwa kiwiko kabla sijaona, na ukimuuliza ananong'ona. Nikaazimia kumtoa woga. Nikamwambia, "Chora ulichokiona kwa macho yako, usifute. Ukiulizwa, jibu kwa sauti hata baba yako akusikie kule msikitini."

Alhamisi wazazi wakaja kutazama kazi za watoto. Mwanahawa akanipa kibao chake: mtu amechutama, kitu kirefu kipo mdomoni, mashavu yamemvimba. Kwa papara yangu ya kusifu, sikuuliza. Nikakiinua juu.

"Tazameni, wazee wangu! Mpiga zumari, anaingojea Idi! Pumzi yake mnaiona?"

Wakapiga makofi. Mwadhini mwenyewe, mtu asiyecheka ovyo, akatabasamu. Kichwa kikanivimba, nikamwita binti mbele.

"Haya mwanangu, waambie bila woga. Huyu mpiga zumari umemwona wapi?"

Mwanahawa akasimama wima, akanitazama usoni, akajibu kwa sauti ile ile ya baba yake:

"Siyo zumari, mwalimu. Ni muhogo. Ni wewe, jana adhuhuri, nyuma ya choo."