Taazia Chini ya Mizeituni

Dada yangu alimaliza eda, lakini hakutoka. Siku ile tulikusanyika nyumbani kwake Al Amerat, wanawake wa ukoo mzima, tukapika, tukasoma dua, tukamwambia khalas, imetosha, miezi minne na siku kumi umeitimiza kama Mungu alivyoagiza, sasa rudi kwa watu. Alitushukuru sana. Wageni walipoondoka akarudi chumbani, akakaa kwenye godoro lile lile alilokalia tangu mumewe alipozikwa. Mwaka ukapita.

Mimi si mtu wa subira. Nakaa Mabela, na kutoka Mabela hadi kwake ni kuukata mji mzima kisha kuvuka vilima, na foleni ya Ghala peke yake alasiri inatosha kumtoa mtu maneno ya kutubia. Kila nilipofika nilikuta udhuru: leo kichwa, leo joto, leo miguu. Huyu alikuwa mwalimu wa historia, mwanamke aliyenyamazisha darasa kwa kupandisha nyusi tu. Sasa ukimuuliza anataka chai au kahawa, anasema chochote. Niliogopa. Niliogopa kwamba siku tuliyomzika shemeji tulimzika na dada, na sisi hatukujua.

Nikamwambia nataka mtu wa kutembea naye kwa sababu nimenenepa na naona haya kujikokota barabarani peke yangu. La unene lilikuwa kweli. Tukawa tunazunguka mtaa wake jua likipoa, baadaye tukapanda njia ya mawe iliyo nyuma ya nyumba mpya. Vilima vya kule havina mti, ni jiwe juu ya jiwe, rangi ya biskuti iliyoungua. Alitembea akitazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipotupa chambo.

"Dada, watu wanakwenda Andalusi kutembea milimani. Kuna misitu huko, kuna njia."

"Mie nkafanye nini huko?"

"Ukaone ulichokisomesha. Umewachosha watoto wa watu na Andalusi, na mwenyewe hujaikanyaga."

"Weye huna adabu," alisema, na nusura acheke.

Nilikata tiketi kabla hajabadili nia. Mwanawe alitaka kutusindikiza. Nikamwambia abaki Ghala na gereji yake, vibibi wawili nani atawaiba.

Tulifikia kijiji cha nyumba nyeupe zilizobanana mlimani, kusini mwa Uhispania. Njia za kutembea zilianzia nyuma ya kanisa, zimetiwa alama za rangi nyeupe na nyekundu kwenye mawe na magogo, na ukikuta rangi hizo zimepishanishwa kama mkasi uliofunguliwa ujue umepotea. Kwanza unapita mashamba ya mizeituni, halafu misonobari, halafu mialoni iliyochunwa magome ya kutengenezea vizibo, mashina yake yamebaki mekundu. Zaatari, yale majani ya harufu tunayotia kwenye chai, inaota ovyo kama magugu, na ukiikanyaga inanukia mpaka kooni. Mimi nilikuwa nimepagawa. Kila kona namwita, dada tazama hiki, dada tazama kile, naye anajibu "mm". Siku ya kwanza mm, siku ya pili mm. Niliudhika nikatamani kulia. Nimempandisha ndege, nimemvusha bahari, naye amekuja na chumba chake.

Asubuhi ya siku iliyofuata mwenye nyumba ya wageni, wakati anatukaangia mayai, alitueleza kwamba hapo kijijini zamani mwanamke akifiwa na mume alivaa nyeusi, na kwamba wazee wachache bado wanafanya hivyo. Dada aliuliza mara mbili kama amesikia sawa.

Tulipanda mpaka kwenye chemchemi iliyojengewa ukuta mdogo wa mawe. Juu ya ukuta ameketi bibi mmoja, gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, soksi nyeusi, na kikapu miguuni. Dada alinishika mkono.

"Mjane huyu."

"Naona."

"Na yuko nje! Maskini, hana hata mtu wa kumtuma."

Kwetu mwenye eda hatoki ila kwa dharura, na watu humfuata alipo. Kwa hiyo dada yangu akafanya ambalo angelifanya popote. Alivua mkoba, akatoa chupa ya kahawa na kopo la tende, vitu ambavyo sisi hatupandi hata mlima bila navyo, akaketi kando ya yule bibi na kummiminia kikombe. Taazia, hapo hapo msituni. Mimi nikakaa upande wa pili, nimetulia kama niko matangani kweli. Bibi alinywa, akakunja uso kwa ule uchungu, akala tende, akatutazama mmoja baada ya mmoja.

Nilitoa simu itutafsirie. Dada akaisogelea, akasema Kiarabu kwa sauti ya darasani: Mungu amrehemu mumeo, na akupe subira. Zimebaki siku ngapi uvue nyeusi?

Simu ikasema Kihispania. Bibi akaomba irudie. Kisha akacheka, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Jibu lake lilikuja vipande vipande. Mumewe alikufa mtoto wao akiwa bado ananyonya. Mtoto huyo sasa ni babu. Hakuna siku zilizobaki, kwa sababu hakuna siku zilizowekwa. Mama yake alimvalisha nyeusi siku ya mazishi, na baada ya hapo hakuna aliyemwambia avue, naye akaona haya kuuliza.

Halafu akatuelekezea kidole, mabuibui yetu, na kuuliza kitu. Simu ikatafsiri: na nyinyi wawili, waume zenu walikufa lini?

"Astaghfirullah!" nilisema. "Wangu mzima, yuko Mabela anatazama mpira!"

Nilitegemea dada atanicheka. Hakunicheka. Alikuwa anamtazama yule bibi, mikono yake yenye mishipa, kikapu chake cha vichipukizi vyembamba vya kijani alivyovichuma chini ya mizeituni akakaange na mayai. Alimtazama kwa huruma nyingi, na mimi nikamwonea huruma yeye.

"Umemsikia?" aliniambia kwa Kiswahili, polepole. "Hakuna aliyemwambia basi, imetosha. Mie Mungu kaniwekea mwisho, mkaja nyote mkanambia, mkapika na mapishi. Skusikia."

Nilifunga kifuniko cha kopo la tende, nikakifungua.

"Hebu nipe mafuta yako," alisema.

Nna tabia ya kubeba kichupa cha mafuta ya udi kila niendako, mume wangu hunitania kwamba hata nikiungua watu watadhani ni mafusho. Mwenye eda hajitii manukato, hilo kila mmoja wetu analijua. Lakini dada yangu, eda yake imekwisha zamani, alikuwa bado hagusi. Nilimkuta Idi nzima ananukia sabuni tu. Nilikitoa kile kichupa, nikakiangusha kwenye majani, nikakiokota.

Alijipaka nyuma ya masikio, akajipaka viganjani, akafumba macho. Ilikuwa ile harufu yake, ya dada yangu, aliyokuwa akiingia nayo mlangoni kabla hajatoa salamu. Nililia bila kujificha.

"Wacha vituko vyako," aliniambia, na macho yake mwenyewe yamejaa.

Kisha akamgeukia yule bibi, akamwonyesha kichupa na kumwashiria alete mkono. Hatukuitumia simu. Bibi alisita, akatazama juu njiani na chini njiani kama anayehofia kuonekana. Akavuta mkono wa gauni lake jeusi, akatoa kifundo cheupe kilichosinyaa, na dada akampaka. Bibi akakipeleka puani. Akanusa, akanusa tena.

Halafu akatoa na mkono wa pili.