Mchekeshaji Auliza, Kaka Ajibu

Yudith alikuwa ameisubiri Jumamosi ile kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Msimu wa sare za shule ulikuwa umemchosha. Kutwa nzima ni yeye na cherehani, sketi za bluu juu ya sketi za bluu, mpaka akifumba macho anaona marinda. Kwa hiyo Salama, jirani yake anayeuza vitenge pale Same mjini, alipomwambia kuna mchekeshaji anakuja kutoka Dar, kijana wa Usangi anayeitwa Anold, Yudith hakungoja kubembelezwa.

"Twende tukacheke, shoga yangu," Salama alisema. "Tucheke mpaka mbavu ziume."

Kilichoharibu mambo ni gari la kwenda Mbaga, kijijini kwao mlimani. Kaka yake mkubwa, Melkizedeki, mkulima wa tangawizi na mzee wa kanisa, alikuwa ameteremka kutoka mlimani kutengeneza miwani yake. Miwani ikapona, lakini gari la kumrudisha likakata springi. Akaja kwa Yudith na kikapu chake, akavua viatu, akakaa.

"Leo natoka, kaka," Yudith alimwambia. "Chakula kipo kwenye hotipoti."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye vichekesho. Mtu anasimama jukwaani anaongea, watu wanacheka."

"Anaongea peke yake?"

"Peke yake."

Melkizedeki akafikiri kidogo. "Maskini," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na upepo wa Same ulikuwa ukiyagongagonga mabati kama mtu anayedai afunguliwe. Yudith alitaka wakae nyuma. Salama alikuwa ameshawashikia viti mstari wa mbele kabisa, na alipomwona Melkizedeki akafurahi badala ya kusikitika. "Shikamoo kaka! Kaa hapa katikati, usikie vizuri." Yudith akamkata jicho, lakini wapi.

Anold akapanda jukwaani, kijana mwembamba mwenye raba nyeupe, akaanza na makande. "Makande ya kwetu yanapikwa Jumatatu," alisema. "Ikifika Ijumaa, yanajua majina ya watoto wote. Jamani, hivi makande ya wiki nzima mama zetu walikuwa wanayapeleka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Yudith naye akafungua mdomo kucheka, na hapo ndipo alipoisikia sauti ya kaka yake, ile ile anayosomea matangazo kanisani.

"Motoni, mwanangu. Unayachemsha asubuhi na jioni. Usipoyachemsha yanachacha."

Ukumbi ukalipuka upya. Anold akaangalia chini, mstari wa mbele. "Asante, mzee. Nilikuwa natania."

"Hamna shida," alisema Melkizedeki. "Ni vizuri kuuliza."

Yudith akamfinya mkono. "Kaka, usimjibu."

"Ameuliza."

"Hakukuuliza wewe!"

"Amewauliza watu wote, na wote wamenyamaza."

Basi ikawa hivyo. Anold akiuliza kwa nini mama akiwa na hasira anakuita majina yako yote matatu, Melkizedeki anaeleza kwamba kijijini kwao akina Elibariki ni wengi, ukiita jina moja wanaitika nusu ya mlima. Anold akiuliza nani aliwaambia wanaume hawalii, Melkizedeki anakiri kwamba yeye hajui, ila anaweza kuuliza kwa mchungaji. Salama alikuwa amejiinamia magotini, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Yudith hakuwa amecheka hata mara moja. Kila kichekesho kilipokaribia kilele alikaza misuli kama mtu anayesubiri sindano.

Kisha Anold akasogea ukingoni mwa jukwaa. "Haya, tuzungumze mapenzi. Nani hapa ameshawahi kuachwa na mchumba?"

Watu wakaangalia pembeni, wakachekacheka. Yudith akahisi kitu kimemshika kiwiko, na kabla hajaelewa, mkono wake ulikuwa juu hewani, umeinuliwa na kaka yake.

"Huyu hapa!" alisema Melkizedeki. "Mdogo wangu. Aliyemwacha alikuwa fundi magari wa Hedaru."

"Pole sana, dada," alisema Anold, macho yakiwaka. "Ulimpenda?"

"Sisi nyumbani hatukumpenda," Melkizedeki alijibu.

Hapo Yudith akasimama. "Kaka, nyamaza! Nyamaza kabisa!"

Melkizedeki akafunga mdomo, akaweka mikono mapajani, akawa kama mtoto aliyekemewa mbele ya wageni. Yudith akakaa, uso unamchoma.

Anold akaendelea. Akauliza swali kuhusu wakwe, hakuna aliyecheka. Akauliza kuhusu wenye nyumba wa Dar, watu wakamgeukia Melkizedeki, wakamngoja. Melkizedeki akatikisa kichwa na kumwonyesha Yudith kwa kidole. "Mzee ajibu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mzee ajibu! Dada, mruhusu!" Salama naye, yule yule aliyemwita shoga, akawa anapiga makofi pamoja nao. Hata Anold mwenyewe akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, nakuomba. Bila huyu leo sina kazi."

"Ajibu tu," Yudith alisema huku amekaza meno. "Ajibu mpaka achoke."

Hakuchoka.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado lipo juu ya tambarare, na watu waliwapita wakimpa Melkizedeki mkono. Yudith alitembea mbele haraka, vumbi linamwingia machoni.

"Yale hayakuwa maswali, kaka!"

"Sasa kwa nini aliyauliza?"

Yudith akalipiga teke jiwe la njiani. "Na habari za Rodgers, yule fundi? Miaka yote hii sijamtaja kwa mtu!"

"Ndiyo maana nilikuinua mkono. Nilijua mwenyewe hutauinua."

Hakuonyesha majuto hata chembe. Usiku alikula, akasali, akalala fofofo, na asubuhi akapanda mlima.

Wiki ile Yudith hakushona kwa amani. Waliokuja kupima sare walimwita dada wa mzee, na mama mmoja aliuliza kwa upole kama fundi yule wa Hedaru ameshaoa. Ilipofika Ijumaa simu ikalia.

"Yudi, nasikia yule kijana Jumamosi ijayo yuko Mwanga. Nateremka. Tutakwenda wote na Salama."

Yudith aliiweka simu mezani, akavuta pumzi, akaishika tena. "Sawa, kaka. Lakini wewe utakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma kabisa, na hatufahamiani."

"Hamna shida, mdogo wangu." Akamsikia anafikiri. "Ila sasa akiuliza habari zako, nitakuonyeshaje?"