Askari wa Msitu na Mama Mkwe Wake

Likizo hii ng'ombe wetu alizaa, halafu maziwa yakagoma. Ndama akabaki mbavu tupu, ungeweza kuzipiga kama nyuzi za litungu. Kila mtu huku Kamukuywa anajua dawa: udongo wa chumvi. Lakini udongo wenyewe uko ndani ya msitu wa serikali, kando ya kijito, ambako tembo na mbawala hulamba bila kuomba ruhusa. Ng'ombe wa mtu akikamatwa humo anapelekwa Kitale, na faini ya kumkomboa hatukuwa nayo.

Na askari wa msitu ni nani? Shemeji yangu, mume wa dada. Ng'ombe mwenyewe ni yeye aliyemleta kwa mahari!

"Mama, twende wote," nikasema. "Akikuona wewe, atafanya nini?"

Mama alinitazama kama mtu anayetafuta fimbo, kisha akajifunga leso. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ni mwiko, na hauvuliwi pamoja na kofia ya kazi.

Kule kijitoni, ng'ombe alikuwa hajalamba vizuri filimbi ikalia. Shemeji akatokea mbio, akamwona mama, akarukia nyuma ya mti kama digidigi. Mama naye akajifunika kichwa, akageukia kijito. Mbega juu wakaacha kula, wakatutazama.

"Wewe kijana!" mti ukaita. "Mwambie mama ng'ombe anachafua maji. Watu wa chini wanayanywa!"

"Mama, ati umenenepa."

"Nimemsikia, mjinga wewe. Mwambie ndama anakufa."

"Shemeji, ati kuku wote uliokula kwetu wanakulilia."

Mti ukacheka, bana. Halafu ukaita tena:

"Mwambie amrudishe ng'ombe mpakani. Udongo nitachimba mimi, wewe utaubeba. Maji yabaki safi."

"Mbona mimi?"

"Si una nguvu za kusema?"

Mama akakubali kwa kukohoa.

Nimebeba udongo huo mpaka shingo imezama mabegani. Lakini jana ndama alimsukuma mamake kwa kichwa akigombea chuchu, na kibuyu kikajaa mpaka povu likamwagika. Mama akajaza chupa moja, akaifunga kwa gunzi.

"Mpelekee mkwe wangu," akasema. "Na usimwambie chochote. Mpe tu."