Mzimu wa Baba Mbele ya Kaka Yangu

Leo nimemwonya kaka yangu nikiwa mzimu, na sikuwa na pa kutorokea.

Tulikuwa kanisani Manga, mazoezi ya mchezo wa Krismasi. Mimi nilipewa nafasi ya mzimu wa baba. Onchari, kaka yangu ambaye hatujasemezana tangu amfukuze mama nyumbani, akapewa ya mwana mwenye moyo mgumu.

Nilitaka kukataa, lakini walikuwa wameshanishonea shuka mwili mzima, mikono ikiwa ndani.

Nikasema maneno yangu: "Mwanangu, mrudishe mama yako kabla hujachelewa."

Hapo alipaswa kucheka.

Hakucheka.

Aliuliza polepole, "Moraa, mama atakubali kurudi?"

Machozi yakanitoka, na sikuweza hata kuyapangusa.

Nikamwambia, "Twende tumuulize."

Sasa tuko njiani kwenda Sironga, anakoishi mama siku hizi.

Nyinyi mngeanza kumwambia nini mama?