Sauti za Bibi Yake Ziko Kwangu, Nimemwambia Nilizifuta

Admin, jina langu lifiche na la shule usilitaje. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, tunaishi Kitisuru. Sijawahi kukosa kitu nyumbani, na nalisema mapema ili mtu asije akaandika hapo chini kwamba ni shida zilizonisukuma. Hakuna shida iliyonisukuma. Nilitaka kitu cha mwenzangu nikakichukua.

Mwanzoni mwa mwaka tulijiunga na darasa la jioni la mtandaoni la viumbe wa baharini. Mwalimu alikuwa Pwani, sisi tuko Nairobi, kila mtu na skrini yake. Bahari nimeiona mara mbili tu, tena nikiwa nimekaa kando ya bwawa la hoteli. Nilipangwa kundi moja na Zuhura, tunayesoma naye shuleni. Kwao ni Pwani, na baba yake ana duka la vitambaa hapa mjini Nairobi. Mwalimu alisema mwishoni kila mmoja atawasilisha kazi yake, na mshindi mmoja atakwenda kukaa wiki nzima na watafiti ufuoni. Mshindi mmoja tu. Mimi nimezoea kuwa wa kwanza, nikaihesabu nafasi hiyo kuwa yangu siku ile ile.

Sasa Zuhura alikuwa na bibi. Maji yakipwa, huyo bibi hushuka mwambani kutafuta pweza, na safari hii alikuwa anakwenda na simu ya jirani, anamrekodia mjukuu wake kila anachokiona. "Huyu ni jongoo bahari, mwanangu. Ukimsumbua atatapika matumbo yake, kisha ajiendee zake akaoteshe mengine." Akaeleza pweza jike anavyolinda mayai bila kula mpaka anakufa. Mambo niliyokuwa nayasaka vitabuni wiki nzima, yeye anayasema huku anacheka, na maji unayasikia miguuni mwake. Niliudhika, kusema kweli.

Simu ya Zuhura ni ya zamani na hujaa haraka. Kwa hiyo kila rekodi alikuwa ananitumia niiweke kwenye laptop yangu, halafu kwake anafuta. "Ziweke poa, ni wewe tu uko na space," aliniambia.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi, na Mwalimu aliniachia nichague saa ya kundi letu kuwasilisha. Ilikuwa Ramadhani. Nikachagua saa kumi na mbili na nusu jioni.

Zuhura akanipigia simu. "Ai, hiyo si ndio time ya futari? Sogeza mbele hata kidogo, please."

"Ni Mwalimu amesema. Sasa mimi nifanye nini?"

Mwalimu hakuwa amesema lolote. Zuhura akasema sawa, atafungua kwa tende na maji, aswali, kisha akimbie.

Na alikimbia. Nilikuwa katikati ya kuwasilisha jina lake lilipotokea kwenye skrini yangu likiomba kuingia. Kikao nilikifungua mimi, na mwenye kukubali watu alikuwa ni mimi. Nikalitazama, nikaendelea kuongea. Likatokea tena, na tena. Mwalimu akauliza, "Na Zuhura yuko wapi?" Nikamjibu, "Huyo hajafanya kazi tangu mfungo uanze, Mwalimu." Kisha nikaendelea na maneno ya bibi yake, sentensi kwa sentensi, kana kwamba ni mimi niliyechunguza na kusoma. Mwalimu akanisifu kwamba naijua bahari kama mzaliwa wa huko. Nikashinda. Zuhura nilimwambia mtandao wake ndio ulimwangusha, akaamini, akanipongeza.

Wiki mbili baada ya Idi bibi yake akafariki ghafla. Nilikwenda kumpa pole dukani kwa baba yake, kwa sababu nisingeonekana ingekuwa ajabu. Zuhura alinikumbatia, kisha akanivuta nyuma ya majora ya vitambaa.

"Nitumie zile sauti za bibi. Simu ya jirani ilianguka kwa maji, hakuna mwingine ako nazo. Nataka kuzisikia, halafu nimtumie Mwalimu pia, ajue bibi alikuwa mtu wa aina gani."

Mwalimu akisikia hata moja, nimekwisha.

"Nilizifuta, Zu. Laptop ilileta shida."

"Zote? Hata ile ya pweza?"

"Zote."

Alilia pale pale, mdomo ameuziba kwa mtandio baba yake asisikie. Alipotulia akasema, "Basi, si makosa yako." Akachukua mfuko chini ya meza, akanipa viatu vya plastiki. "Ni vya bibi. Ule mwamba unakata miguu, utavaa ukienda." Vinanitosha kabisa.

Rekodi zipo. Ninazo kumi na mbili. Sikuzifuta kwa sababu bila hizo sitajua cha kusema mbele ya watafiti. Jana nikijiandaa niliisikiliza ya mwisho mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Bibi akimaliza habari za kaa anasema, "Na yule mwenzio anayekuwekea sauti zangu, mwambie ahsante. Akija huku asilale hoteli, alale kwangu." Akanitaja jina, akalitamka vibaya. Nilifunga laptop.

Safari ni Jumamosi hii. Msinitukane, matusi nimeshajitukana mwenyewe. Msiniambie nitubu pia, hilo nalijua. Ninachotaka kwenu ni kitu kimoja tu: Zuhura nimtumie sauti za bibi yake sasa hivi, au nikirudi?