Siku Vidole vya Kinyozi Vilipogoma

Mtaani walimwita Wembe, na si kwa sababu ya ulimi. Alikuwa kinyozi mwenye mkono mwepesi, wa kukupitishia wembe shingoni huku wewe unabishana mpira na wenzako usihisi kitu. Mikono ile ndiyo iliyolisha nyumba yake, na ndiyo aliyoringia.

Mwaka ule kifua kilianza kumbana. Daktari alimpima moyo akaukuta mzima, akamshauri ajiunge na darasa la mazoezi ya kupumua pale zahanati. Wembe alicheka. Kupumua hakufundishwi, alisema, hata mtoto mchanga anakuja nako. Mkewe akawaandikisha wote wawili. Jumamosi asubuhi alisimama tu mlangoni, viatu miguuni, akimsubiri.

Ukumbini walilala chali mikekani. Mwalimu, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya chini, aliwaambia wavute pumzi taratibu, watoe taratibu, wasilazimishe. Lakini Wembe alimsikia jirani yake akipumua kwa nguvu, akaona hawezi kushindwa na mtu mwenye kitambi kile. Akaanza kuvuta na kusukuma pumzi kama mivukuto ya mhunzi.

Kwanza midomo iliingia ganzi. Kisha akahisi kama sisimizi wanampanda kutoka vidoleni hadi viwikoni. Halafu, bila yeye kutaka, vidole vikaanza kujikunja. Vikabanana, viganja vikageukia ndani kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Alijaribu kuvinyoosha, vikagoma.

Moyo ukamwenda mbio. Baba yake alipopata kiharusi alianza hivihivi, kwa mkono. Alitaka kumwita mkewe, ikamtoka sauti ya mlevi. Mke alifungua macho, akaiona mikono ile, akaduwaa, kiganja kimeziba mdomo.

“Mikono yangu imekufa,” Wembe alisema.

Mwalimu alikwisha kupiga magoti kando yake. Alimwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, akamkagua uso kama una dalili za kiharusi.

“Haijafa, baba. Umepumua kupita kiasi, ndiyo maana imekakamaa. Nitazame mimi. Toa pumzi polepole, kama unapoza chai.”

Alipoza chai isiyokuwepo, machozi yakimtiririkia masikioni. Kidole gumba kikalegea, kikafuata kingine, mpaka mikono ikawa yake tena. Daktari alimpima siku hiyohiyo, hakuona tatizo.

Hofu ndiyo haikuondoka. Jumatatu mteja wa siku nyingi aliinamisha shingo kitini. Wembe alishika wembe, akauona mkono kama wa mtu mwingine, akaurudisha wembe mezani. Akasema leo ni mashine tu. Akasema hivyo wiki nzima, na wateja wakaanza kutazamana kwenye kioo.

Mkewe ndiye aliyemrudisha darasani. “Siku ile mimi niliogopa kuliko wewe,” alimwambia. “Twende, tulale karibu.”

Safari hii alipumua kama alivyoelekezwa. Kwa muda hakuhisi chochote. Kisha mikono ikawa mizito kama magunia ya mchanga, halafu ikatoweka kabisa. Hakujua inaishia wapi na mkeka unaanzia wapi. Alishtuka, lakini hakukimbilia kuvuta pumzi. Alingoja. Ndani ya utupu ule akahisi mapigo viganjani, yanagonga bila haraka. Ulikuwa moyo wake, ule aliouogopa mwaka mzima. Akafungua jicho moja kuangalia vidole. Vipo, vimenyooka. Aligeuka amwambie mkewe, akamkuta anakoroma, na nusu ya darasa inajizuia kucheka.

Kifua hakikupona mara moja. Kuna siku bado kinambana. Ila Jumatatu iliyofuata alishika wembe. Aliusogeza shingoni mwa mteja, na hapo akabaki ameuinua hewani, kinywa wazi. Alikuwa amezuia pumzi. Alijaribu tena, akazuia tena bila kukusudia, kama mazoea ya zamani. Miaka yote hiyo ya kunyoa watu, kumbe kila shingo aliyoigusa aliigusa bila kupumua, na hakuwahi kujua.