Mvi za Safari ya Kurudi

Kaka mkubwa wa nyumba hii, ambaye Mungu amemwita mwezi uliopita, alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Kinyozi, hata mama yake mzazi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kiti kimoja cha chuma cha kuzunguka na kioo kilichopasuka kona. Chumba kilitazama barabara ya mahoteli, kwa hiyo vichwa vingi alivyovishika vilikuwa vya wageni. Kila alipowasha mashine alimtaja Mungu kimoyomoyo, maana kichwa cha mtu, alisema, ni amana. Na yaliyosemwa kitini yalibaki kitini. Kinyozi mwenye mdomo, alisema, mwisho wake hunyoa nduguze tu.

Wageni wake walikuwa wanaume watu wazima, waliokuja peke yao kutoka ng'ambo. Nchi nzima ilijua kwamba wamefuata wanawake, ila wao. Mmoja alisema anachunguza ndege wa porini, na hakuna aliyewahi kumwona akiinua macho juu. Mwingine alikuja kusaidia yatima. Marubani walikuwa wengi, na madaktari kama mchanga. Fundi viatu, aliyekaa na sindano zake kibarazani pale nje, aliuliza siku moja:

"Hivi huko kwao nani anafagia barabara, ikiwa wote ni madaktari?"

Kinyozi alicheka. Lakini alikuwa ameona kwamba hadithi zote, ziwe za ndege au za yatima, ziliishia mahali pamoja. Mgeni angejitazama kiooni, shuka ikiwa shingoni, na kusema: mimi si kama wale wengine. Hakuwa akimwambia kinyozi. Alikuwa akikiambia kioo. Ndiyo maana Kinyozi hakuweza kuwachukia; ukishaishika shingo ya mtu kwa nyuma, alisema, unaona ni mtoto wa mtu.

Jambo jingine alilijua yeye peke yake. Wakifika, wengi walitaka mvi zipakwe rangi nyeusi. Siku ya kuondoka walikuwa wa aina mbili. Kuna waliokwenda zao na weusi wao. Na kuna waliorudi kitini wakaomba wakatwe mpaka rangi yote itoke, zibaki mvi walizokuja nazo. Huyo wa pili ana mtu nyumbani anayezijua mvi zake.

Dada yake, kitinda mimba, alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa, na tangu hapo funguo za ghala la chakula zilining'inia kiunoni mwake kama hirizi. Yeye naye akapata mgeni. Huyu nyumbani tulimwita Mhandisi, kwani alisema anajenga madaraja, na kwamba mkewe alikuwa amefariki. Hakuwa na majivuno. Alipoletewa kiti alikataa, akaketi mkekani. Alimwamkia mama shikamoo, akasali kabla ya kula, akambebea ndoo ya maji. Mama alisema mkwe wa namna hiyo haokotwi barabarani.

Nywele zake nyeusi zilikuwa kazi ya Kinyozi.

Dada alipoeleza kwamba Mhandisi anakwenda kwao mara moja kisha anarudi wafunge ndoa, na kwamba Jumatatu atakabidhi funguo kwa mkuu wa shule na kuacha kazi, kaka yake alimwomba angoje mgeni aondoke kwanza.

"Kwa nini? Umemwona na nini?"

"Sijamwona na kitu. Ngoja tu, mdogo wangu."

"Kaka, una wivu. Miaka yote napikia watoto wa watu, leo Mungu amenikumbuka, wewe unaniambia ngoja."

Jibu lilikuwa kitini, na la kitini halitoki. Akabaki kumwomba Mungu jambo moja: yule bwana aende uwanja wa ndege na weusi wake.

Ijumaa asubuhi Mhandisi akaingia, akaketi. Alitaka zikatwe fupi kabisa, weusi wote utoke. Huko kwao, alisema, joto limeanza. Jana yake tu alimweleza mama jinsi theluji inavyomngoja.

Kinyozi akamfunga shuka, akamtaja Mungu, akapitisha mashine kutoka paji la uso hadi kisogoni. Njia nyeupe ikafunguka katikati ya kichwa cheusi. Hapo mkono ukamkatalia. Fundi viatu aliapa kwamba ilikuwa makusudi. Mwenyewe alisema mpaka anakufa kwamba mkono ulikataa tu.

"Shemeji," alisema, "mimi sitamwambia mtu. Kiti hiki hakisemi. Lakini wewe una mdomo."

Mhandisi alijitazama kiooni, kichwa kikiwa na barabara katikati. Huko nje fundi viatu akaacha kugonga.

"Mke wangu yu hai," akasema. "Mimi si mtu mbaya. Mimi si kama..." Hakuimaliza.

"Namalizia kukunyoa," alisema Kinyozi kwa upole, "kisha tunapita jikoni kwake, ni njia hiyo hiyo. Utamuaga na kichwa chako mwenyewe."

Wakaenda. Jikoni kulijaa mvuke, na dada alikuwa ameishika sufuria kubwa kwa vitambaa. Aliinua uso, akaona mtu mwenye mvi amesimama mlangoni na kaka yake.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

Mzee yule hakuitikia marahaba. Ndipo dada alipomtambua. Mhandisi akasema lililomleta, kwa maneno machache, akitazama sakafu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa ukimwamkia mama yangu shikamoo," alisema. "Kumbe mko rika moja."

Akageukia sufuria, maana chakula kilianza kushika chini.

Jumatatu funguo hazikukabidhiwa. Lakini dada hakumsamehe kaka yake upesi. Alimsalimia kama anavyosalimiwa mpangaji, na mama naye akanuna upande wake. Kinyozi alivumilia, akawa anawaombea wote watatu, yule bwana akiwamo.

Mvua zilikuja zikaisha. Jumamosi moja dada akaingia kwenye chumba cha kazi cha kaka yake, akavua kitambaa, akaketi kwenye kile kiti cha chuma. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka pembeni. Alikaa akijitazama.

"Kaka. Siku ile, kabla hamjaja jikoni, alisema nini kuhusu mimi?"

Kinyozi alikung'uta shuka, akamfunga shingoni taratibu.

"Mdogo wangu, kiti hiki hakisemi."

Dada akamtazama kiooni kwa hasira, kisha cheko likamponyoka, la kwanza tangu siku ile, hata funguo zikalia kiunoni.

"Basi ninyoe," akasema. "Na hizo mvi uziache."